Mtoto kapata ROTC: chumba na chakula analipa nani?

Kazi yangu ni kuwasaidia Waswahili walioko Marekani kupanga ada za vyuo vya watoto wao. Kila msimu kuna mzazi anayenipigia kwa furaha: "Mwalimu, kijana kapata ufadhili wa jeshi, ada tumemaliza!" Nampongeza kwa dhati, kisha namwomba tuisome barua pamoja.

ROTC ni mpango wa kuwaandaa wanafunzi wa chuo kuwa maofisa wa jeshi la Marekani. Ufadhili wa ROTC ya Jeshi la Nchi Kavu hulipa ama ada ya masomo, ama malazi na chakula. Kimoja tu. Juu yake kuna dola 1,200 za vitabu kwa mwaka na posho ya dola 420 kwa mwezi wakati wa masomo. Katika vyuo vingi malazi na chakula hupita dola 10,000 kwa mwaka.

Basi nendeni ofisi ya misaada ya fedha ya chuo mkaulize waziwazi: tukipokea fedha za jeshi, mtapunguza msaada wenu? Vipo vyuo vinavyopunguza. Vipo pia vinavyompa kadeti (mwanafunzi wa ROTC) mwenye ufadhili chumba na chakula bure, lakini usipouliza huenda usiambiwe. Kama chuo kimeshagharamia ada, fedha za jeshi zielekezeni kwenye malazi. Na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ijazwe vilevile: Pell Grant, ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wenye uhitaji, hairudishwi, na hata mwenye grini kadi huruhusiwa kuomba.

Ufadhili wenyewe wa ROTC, hata hivyo, ni wa raia tu, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mzazi akipata uraia wakati mtoto hajatimiza miaka 18, ana grini kadi na anaishi chini ya malezi yake, mtoto naye huwa raia papo hapo. Ndugu zangu, msiahirishe maombi ya uraia.

Akikosa ufadhili, mlango haujafungwa. Anaweza kusoma madarasa ya ROTC miaka miwili ya kwanza bila kuapa kulitumikia jeshi, huku akigombea ufadhili wa miaka 3 au 2 akiwa chuoni. Majimbo mengi pia huwasaidia ada askari wa National Guard (jeshi la akiba la jimbo), ila huko anaweza kuitwa kazini, kwa hiyo aamue mwenyewe, si sisi.

Mwenye ufadhili wa miaka 4 anaweza kujitoa katika mwaka wa kwanza bila deni. Akishaanza wa pili na kuacha, anaweza kudaiwa fedha zote au kutakiwa kutumikia jeshini. Tarehe ya kuanza mwaka wa pili iandikeni kwenye kalenda.