Shamba la kwenye Simu: Dhana Potofu kuhusu Michezo ya Kuigiza Maisha

Mpwa wangu, ninayeishi naye hapa Chikongola mjini Mtwara, hufungua mchezo kwenye simu yake baada ya sala ya isha na kuanza kumwagilia shamba la kuigiza. Huenda tuta kwa tuta, na kila udongo unapogeuka rangi kwa kulowa, husogea hatua moja. Hakuna adui anayemkimbiza wala mshindi anayetafutwa. Dada yangu, aliyekuja kutoka shambani Tandahimba vidole vikiwa bado na madoa ya mabibo, alimtazama kwa muda mrefu kisha akamuuliza, "Mwanangu, shamba hilo ni la nani?" Swali hilo limebeba dhana kadhaa ambazo zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Dhana ya kwanza ni kwamba mchezo usio na mshindi si mchezo. Wanaosema hivyo wamesahau kujipikilisha: mchanga ukawa wali, jani la mkorosho likawa sahani, na jua likazama bila mtoto yeyote kuuliza nani ameshinda. Michezo hii ya kidijiti imefuata mkondo huohuo kwa muda mrefu. Harvest Moon ya Yasuhiro Wada, mchezo wa kulima, ilitoka Japani mwaka 1996, na The Sims ya Will Wright, mchezo wa kuendesha maisha ya watu nyumbani, ikafuata mwaka 2000. Stardew Valley, anaoucheza mpwa wangu, ulitengenezwa na Eric Barone peke yake kwa zaidi ya miaka minne, ukatolewa Februari 2016, na nakala zake zilizouzwa zimepita milioni 40.

Wengine hudai kwamba michezo hii imebuniwa kwa ajili ya watu wavivu wasiopenda watu. Katsuya Eguchi wa kampuni ya Nintendo ameeleza kwamba wazo la Animal Crossing lilimjia baada ya kuhama Chiba kwenda Kyoto na kuwaacha ndugu na marafiki. Yeyote aliyewahi kupanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akaanza kuzikumbuka sauti za uani kwao, ataelewa haraka chanzo cha mchezo ambao kazi yake kubwa ni kuwatembelea majirani.

Dhana iliyoshika mizizi zaidi huku kwetu ni kwamba anayelima kweli hawezi kupata raha katika kilimo cha kuigiza. Mimi naona kinyume chake, na hapa ndipo penye siri ya mvuto wote. Mkorosho huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa. Mti ukitoa maua, ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga huweza kuyakausha usipopuliza salfa kwa wakati. Na ukishavuna, bei huamuliwa mnadani. Katika Stardew Valley, siku nzima hupita kwa takriban dakika 14, na zao la kwanza analoanza nalo mchezaji hukomaa kwa siku nne za mchezo, mradi alimwagilie kila siku. Jasho dogo hulipwa papo hapo, na ahadi haivunjwi. Mtu aliyezoea kungojea malipo asiyojua yatakuja lini hupumzika pale anapoona kazi yake ikizaa sawasawa na alivyotarajia, na sioni aibu yoyote katika pumziko hilo.

Lipo pia kosa la kuivika michezo hii sifa za dawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2020 walionyesha uhusiano mdogo kati ya muda wa kucheza Animal Crossing na hali njema ya wachezaji, lakini utafiti mpana zaidi wa mwaka 2022, uliohusisha wachezaji wapatao 39,000 wa michezo saba, haukuona athari ya maana, iwe njema au mbaya. Kwa upande mwingine, saa nyingi pekee hazitoshi kumwita mtu mraibu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, ameutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine, na anaendelea ingawa unamdhuru, kwa kawaida kwa kipindi cha miezi 12.

Mpwa wangu alimjibu mama yake kwamba shamba ni lake, akamwonyesha banda la kuku alilolijenga juzi. Dada akauliza kuku hao wanakula nini, akaketi kando yake kwenye mkeka kungoja jibu.