Anza na Kazi ya Mwisho: Akili Mnemba na Uandaaji wa Kozi za Mtandaoni

Iambie ChatGPT, Gemini au Claude, "Niandalie kozi ya mtandaoni ya wiki nane kuhusu utunzaji wa hesabu za biashara ndogo," na kabla hujakaa sawa kitini utakuwa na mpango mzima: mada ya kila wiki, malengo, video, mjadala, jaribio la maswali kumi na mradi wa kufungia. Mpango wenyewe unapendeza macho. Umepangika kuliko mingi iliyoandikwa na wakufunzi waliobobea. Ndiyo maana wengi huuchukua ulivyo, wakaupakia kwenye mfumo na kufungua usajili.

Sisi ambao kazi yetu ni kuwasaidia wakufunzi kuandaa kozi tumeanza kuitambua mipango ya namna hii kwa mbali. Wiki zote zina uzito mmoja. Kila lengo linaanza na "kuelewa" au "kufahamu". Kila mjadala unamtaka mwanafunzi atoe maoni yake, na maoni yoyote yanatosha. Somo halisi halina sura hiyo. Katika utunzaji wa hesabu, wanafunzi hupita mbio kwenye kuandika mauzo na manunuzi, halafu hukwama wanapofika kwenye tofauti kati ya faida na fedha taslimu. Mkufunzi aliyelifundisha somo hilo miaka kadhaa anajua kwamba hapo patakula muda, na kwamba wiki inayofuata lazima ipunguziwe mzigo. Mpango wa mashine unapita juu kwa juu na kusonga mbele.

Sababu yake inaeleweka. Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na hujenga jibu kipande kwa kipande kwa kukadiria kinachofaa kufuata. Usipozipa habari za wanafunzi wako, zitakuandikia kozi ya mwanafunzi wa wastani, mtu ambaye hayumo darasani kwako. Sisemi ziachwe. Nasema zina kazi nzuri zaidi ya kufanya kuliko hiyo ambayo wengi huzipa kwanza.

Kozi haifi kwa uhaba wa maandishi

Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua kwa umma, kupitia mtandao, kozi yao ya Chuo Kikuu cha Stanford. Watu wapatao 160,000 walijiandikisha. Waliofika mwisho walikuwa zaidi kidogo ya 20,000. Kozi yenyewe, kama bahati ilivyotaka, ilihusu akili mnemba. Tangu hapo kozi huria kubwa zimeonyesha picha ileile: wengi wanaingia, wachache wanamaliza, na wanaotoka njiani si kwamba walikosa video za kutazama. Walipotea, walizidiwa, au hawakuona wanakoelekea.

Kwa hiyo kuiomba mashine iongeze maandishi ni kuongeza kitu ambacho hakikupungua. Kinachopungua ni uamuzi: mwanafunzi akimaliza ataweza kufanya nini ambacho leo hawezi, nitakionaje, na afanye mazoezi gani ili afike hapo. Wasanifu wa mafunzo wamekuwa wakihimiza mpangilio huu wa kuanzia mwisho kwa miaka mingi. Ngazi za kujifunza za mwanaelimu Benjamin Bloom na wenzake, zilizotolewa mwaka 1956 na kupangwa upya mwaka 2001 kuwa kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kuunda, zilikusudiwa kusaidia uamuzi huo. Mashine inazijua ngazi hizi kwa moyo, na hapo ndipo pana mtego. Itakupa kitenzi "kuchambua" kwenye lengo, kisha swali la kupima lengo hilo litakuwa la kukumbuka tu. Linganisheni hayo mawili kila mara, lengo na swali lake, bila kujali yameandikwa na nani.

Njia ambayo imetufaa sana ni kugeuza kibao na kuiacha mashine iulize. Maelekezo yake yanaweza kuwa hivi:

"Mimi ni mkufunzi wa utunzaji wa hesabu. Wanafunzi wangu wana biashara ndogo, wanasoma usiku kwa simu, na wengi hawajagusa somo la hesabu tangu watoke shule. Usiniandikie kozi. Niulize swali moja moja mpaka ujue mwanafunzi aliyemaliza ataweza kufanya nini, na mimi nitaonaje kwamba anaweza. Nikijibu kwa maneno ya jumla, nibane."

Mkufunzi anayeanza kwa kusema "wataelewa misingi ya uhasibu" ataulizwa misingi ipi, kwa kufanya nini, kwa kutumia nyaraka gani. Baada ya maswali saba au manane huwa amefika kwenye kitu kama hiki: "Kwa risiti na daftari lake mwenyewe, ataandaa taarifa ya mapato na matumizi ya mwezi mmoja, na kueleza kwa nini faida iliyomo kwenye taarifa haimo kwenye droo ya fedha." Hilo ni lengo, na ndiyo kazi ya mwisho pia. Ukishaishika, wiki nane zinajipanga zenyewe kurudi nyuma, na huenda ukagundua kwamba tano zinatosha.

Maswali ya majaribio

Hapa ndipo ninapowasihi wakufunzi waitumie mashine kwa bidii, lakini kwa utaratibu maalumu. Tuchukue swali hili: mfanyabiashara amenunua bidhaa kwa 500 taslimu, akaziuza zote kwa 800 kwa mkopo, faida yake ni ngapi, na fedha zake taslimu zimebadilikaje? Jibu ni faida ya 300, na fedha taslimu zimepungua kwa 500.

Ukiiachia mashine itunge majibu ya kupotosha bila kuipa chochote, mara nyingi italeta namba za kubahatisha: 1,300, 400, sifuri. Hakuna mwanafunzi mwenye akili timamu atakayechagua 1,300, kwa hiyo jibu hilo halipimi kitu. Kipotoshi kizuri hutoka kwenye kosa ambalo watu hulifanya kweli. Yupo anayeamini kwamba mauzo ya mkopo si mauzo mpaka pesa iingie. Huyo atasema pana hasara ya 500. Yupo anayeona faida na pesa mkononi ni kitu kimoja. Huyo atasema taslimu imeongezeka kwa 300. Na yupo anayesahau kutoa gharama ya bidhaa. Kwake faida ni 800. Sasa kila jibu lisilo sahihi linamtaja aliyekosea na alikopotelea. Mifumo ya kuendeshea kozi mtandaoni, kama Moodle, inaruhusu kuweka mrejesho tofauti kwa kila jibu, kwa hiyo anayechagua hasara ya 500 anaweza kupata maelezo mafupi kuhusu mauzo ya mkopo, badala ya neno "si sahihi" lisilomsaidia.

Makosa hayo matatu yanatoka kwenye karatasi ulizosahihisha, na hiyo ndiyo mali ambayo mashine haina. Yaandike kwa maneno yako, uipe, kisha iambie itunge maswali ishirini ya aina hiyo kwa biashara na namba tofauti, kila kipotoshi kikifuata kosa lake, pamoja na mrejesho wa sentensi mbili kwa kila jibu. Kazi ya siku tatu inamalizika asubuhi moja. Baada ya hapo piga hesabu zote mwenyewe, maana programu hizi hukosea hesabu huku zikiwa na uhakika wote. Angalia pia urefu wa majibu: jibu sahihi likiwa ndilo refu kuliko yote kila mara, wanafunzi watalijua kabla ya kusoma swali.

Ipe kazi uliyotunga uone

Kabla ya kufungua kozi, chukua kila kazi ya nyumbani uliyotunga na uipe mashine mara mbili. Mara ya kwanza, iambie ijifanye mwanafunzi mgeni wa somo na ikuonyeshe kila sentensi ya maelekezo inayoweza kueleweka kwa namna mbili. Katika hili ni msomaji makini: inakamata tarehe zinazopingana, neno ulilotumia bila kulifafanua, mahali uliposema "wasilisha" bila kusema wapi na kwa muundo gani. Usiiulize kama kazi ni ngumu. Ni mwanafunzi anayejua mno, na makadirio yake ya ugumu hayaaminiki.

Mara ya pili, iambie ifanye kazi hiyo, kisha isahihishe kwa mwongozo wako wa alama. Ikipata alama nzuri bila taabu, tatizo ni lako. Wakufunzi wengi hapa hukimbilia programu za kugundua maandishi ya mashine, nami siwashauri. OpenAI, kampuni iliyoitengeneza ChatGPT, iliondoa chombo chake cha namna hiyo Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walipima vyombo kadhaa kwa insha za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kimakosa kuwa za mashine. Mwanafunzi anayeandika kwa lugha ya pili ndiye wa kwanza kuumia. Badilisha kazi yenyewe: idai nyaraka za mwanafunzi mwenyewe, hatua za kati ziwasilishwe, na maelezo mafupi ya sauti kuhusu uamuzi mmoja alioufanya na njia aliyoiacha.

Kuhusu video sina mengi. Utafiti wa jukwaa la kozi za mtandaoni la edX uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watazamaji kwa kawaida hukaa na video kwa dakika zisizozidi sita, hata iwe ndefu kiasi gani. Ukiwa na mhadhara wa saa nzima, toa maandishi yake, iombe mashine ipendekeze pa kukatia, kisha rekodi upya kwa sauti yako. Manukuu ya video na maelezo ya picha kwa wasioona ni kazi nyingine inayoweza kuanzishwa na mashine na kukaguliwa na mtu. Haina sababu tena ya kuahirishwa.

Orodha ya vitabu na makala za kusoma ni jambo tofauti kabisa. Usiiombe mashine orodha hiyo ukaiweka kwenye kozi bila kufungua kila kimoja. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York, pamoja na kampuni yao, walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Makala za kitaaluma nazo hutungwa vivyo hivyo, na majina ya watu halisi juu yake. Ni salama zaidi kuipakia mashine vyanzo ulivyokwisha kuvikagua na kuiagiza ijibu kutokana na hivyo tu, ikitaja ukurasa. Hata hapo, fungua ukurasa uone.

Kwa wanaofundisha kwa Kiswahili kuna kazi ya ziada. Maandishi ya Kiswahili yaliyotumika kuzifunza programu hizi ni machache sana yakilinganishwa na ya Kiingereza, na athari zake zinaonekana: istilahi zinazobadilika kutoka aya hadi aya, upatanisho wa ngeli unaoteleza, sentensi zenye mifupa ya Kiingereza. Andaa orodha ya istilahi za somo lako, thelathini au arobaini hivi, uibandike mwanzoni mwa kila mazungumzo na kuamuru zifuatwe. Kisha soma matini kwa sauti kabla ya kuyapakia. Mwanafunzi anayesoma peke yake hana wa kumuuliza kama "mapato" ya wiki ya pili ndiyo "kipato" cha wiki ya nne.

Na karatasi zile za makosa nilizozitaja usizipakie zilivyo. Majina, namba za usajili, alama na habari za afya au familia za wanafunzi zisiingie kwenye chombo ambacho taasisi yako haina mkataba nacho. Baadhi ya huduma hutumia mazungumzo ya watumiaji kufunza matoleo yajayo. Mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 kuhusu akili mnemba zalishi, yaani ile inayotunga maandishi na picha, unasisitiza ulinzi wa taarifa hizo, na unapendekeza umri usiopungua miaka 13 kwa anayeongea na programu hizi bila usimamizi. Eleza kosa kwa maneno yako. Mashine haihitaji kumjua aliyelifanya.

Mwisho, weka ukurasa mmoja kwenye faili la kozi unaoonyesha sehemu zipi zilianza na mashine, kwa chombo gani, nani alizikagua na lini. Waambie wanafunzi jambo hilohilo kwenye maelezo ya kozi, kwa sentensi mbili tatu, kwa sababu wao pia unawataka waseme walipoitumia. Ukurasa huo utamfaa zaidi mkufunzi atakayeirithi kozi: akikuta swali lenye jibu la ajabu, atajua kama aanze kwa kukupigia simu wewe au kwa kupiga hesabu upya.