Una Risiti, Lakini Kibali Je? Kuhusu Vyombo vya Waifugao

Wasafiri wanaorudi kutoka milima ya Cordillera, kisiwani Luzon, wanakoishi Waifugao, wanatulalamikia kuwa mizigo yao imezuiliwa forodhani Ufilipino. Karibu wote huanza hivi: "Mbona nina risiti?" Risiti inaonyesha umelipa, basi. Ruhusa ya kukitoa kitu nchini ni jambo jingine, na tumelieleza mara nyingi.

Sheria Na. 10066 ya mwaka 2009, iliyorekebishwa 2023, ndiyo inayolinda urithi wa utamaduni wa nchi ile. Kwa kitu kilichomo katika rejesta ya taifa, maombi hupelekwa siku 30 kabla ya tarehe ya kusafirisha, yakitaja sababu, maelezo ya kitu chenyewe, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudishwa. Naam, kurudishwa: kibali hicho ni cha muda. Sheria hiyo ilipotungwa iliweka faini isiyopungua peso 200,000, au kifungo kisichopungua miaka 10, au vyote viwili, kwa uamuzi wa mahakama.

Wengine hudhani kila chombo cheusi ni cha kale. Sivyo. Nyumba ya Kiifugao ina jiko ndani na haina dohani, kwa hiyo moshi hupaka kila kitu: vijiko vya mbao vyenye mpini wa umbo la mtu, mabakuli, vikapu vya henzerani. Wachongaji wa biashara wanalijua hilo, nao hufukiza kazi mpya makusudi. Chukua kijiko, kitazame mpini. Kilichotumika miaka mingi hung'aa pale vidole vinaposhika, na kwenye mikunjo hubaki ukoko. Kilichofukiziwa sokoni huwa cheusi sawasawa kote. Hata hivyo, macho yako si ushahidi mbele ya ofisa. Mwenye kuthibitisha ni mtaalamu wa makumbusho, kwa maandishi, kabla ya safari.

La kunisikitisha zaidi ni bulul, sanamu ya mbao ya Waifugao. Kuiita "pambo la sebuleni" ni kutojua ilikotoka. Ni mlinzi wa mpunga: hukaa ghalani, hupakwa damu ya kuku au nguruwe na kumiminiwa pombe ya mchele wakati wa tambiko, na familia huirithisha kizazi hadi kizazi. Mara nyingi huchongwa mbili, mume na mke. Ukiuziwa moja, na muuzaji akaapa kuwa ni ya kale, muulize mwenzake yuko wapi.