Je, wajua jinsi muungurumo wa umeme unavyotenganishwa na sauti ya besi ndani ya waya mmoja?

Jumamosi jioni mjini Moshi, kwaya inapojiandaa kwa mazoezi, si ajabu spika zikaanza kuunguruma kabla mwimbaji yeyote hajafungua kinywa. Fundi mitambo huangalia kioo cha mixa ya kidijitali, huona vilele viwili vyembamba vimesimama penye hezi 50 (yaani mitetemo 50 kwa sekunde) na hezi 100, huvishusha, na muungurumo hufifia huku soprano, alto, tena na besi zikiendelea kusikika. Sauti hizo nne, pamoja na muungurumo wenyewe, zilifika kwenye mixa kwa waya mmoja kutoka kwenye maikrofoni iliyowekwa mbele ya kwaya. Waya huo hauna njia ya soprano wala njia ya besi. Una volteji moja tu, inayopanda na kushuka. Kioo kilijuaje cha nani ni kipi?

Ishara moja inaweza kuchorwa kwa namna mbili. Katika taswira ya muda, tunaandika ukubwa wa volteji kila inapopimwa, na mixa nyingi hupima mara 48,000 kwa sekunde. Mchoro wake ni mstari uliokunjamana, ambao hata mwalimu wa kwaya mwenye sikio kali hawezi kuutazama akajua nani ameimba nini. Katika taswira ya masafa, yaani wingi wa mitetemo kwa sekunde, tunauliza swali jingine: ndani ya mkunjamano huo mna mitetemo mingapi ya hezi 50, mingapi ya hezi 98, mingapi ya hezi 440, na kila mmoja una nguvu kiasi gani? Umeme wa gridi nchini Tanzania hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, ndiyo maana muungurumo wake husimama penye 50 na vigawe vyake.

Namna ya kuuliza swali hilo ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani, nami naona inafaa kuielewa taratibu. Chukua wimbi safi la hezi 50, liweke sambamba na ishara yako, kisha zidisha namba kwa namba na ujumlishe majibu yote. Ikiwa ndani ya ishara mna hezi 50, mawimbi hayo mawili hupanda pamoja na kushuka pamoja. Chanya mara chanya ni chanya, hasi mara hasi nayo ni chanya, na jumla huzidi kukua. Ikiwa hamna, mara yanakubaliana, mara yanapingana, chanya na hasi zinafutana, na jumla hubaki karibu na sifuri. Kazi hiyo hufanywa mara mbili, ya pili wimbi la kupimia likiwa limesogezwa robo ya mzunguko, ili mtetemo ulioanza mapema au kuchelewa usiponyoke. Ukirudia hivyo kwa masafa yote yanayohitajika, hupotezi chochote: kutokana na majibu hayo unaweza kuijenga upya ishara ya awali, namba kwa namba.

Aliyetetea wazo hili kwa nguvu ni Mfaransa Joseph Fourier, ambaye mwaka 1807 aliliwasilisha mjini Paris alipokuwa akichunguza jinsi joto linavyosambaa, wala si sauti. Lagrange, mwanahisabati mkubwa wa wakati huo, alilipinga, na kitabu cha Fourier kilitoka mwaka 1822. Hata hivyo hesabu yenyewe ni ndefu: namba 1,024 tu zadai uzidishaji zaidi ya milioni moja. Mwaka 1965 wanahisabati Wamarekani Cooley na Tukey walichapisha njia ya mkato inayogawa kazi nusu kwa nusu, na hesabu hiyo ikashuka hadi kama 10,000. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alikuwa ameandika njia inayofanana nayo yapata mwaka 1805, ila ilichapishwa baada ya kifo chake.

Kuna gharama moja isiyokwepeka. Namba 1,024 huchukua takriban sehemu 21 za elfu za sekunde, na katika kipande kifupi hivyo masafa huonekana kwa hatua za hezi 47 hivi. Hapo pigo la ngoma hujulikana limetua lini hasa, lakini muungurumo wa hezi 100 na noti ya besi ya hezi 98 huonekana kama kilele kimoja kinene, na fundi akikishusha ameishusha na besi. Ili hezi hizo mbili zitengane, ni lazima mtambo usikilize kwa takriban nusu sekunde, yaani namba 24,000, na mwimbaji aishikilie noti yake muda wote huo. Akiishikilia, kilele kinene hupasuka katikati, na vinabaki viwili: kimoja cha gridi, kimoja cha koo la binadamu.