Kuinua Usukani wa Baiskeli: Tazama Kiti Kwanza, Kisha Alama ya Mwisho

Waendesha baiskeli wanaofika katika karakana yetu ya mafunzo hapa Nairobi hulalamikia mambo yanayofanana: ganzi ya vidole, maumivu ya shingo na mabega, na uchovu wa mgongo usiolingana na umbali waliosafiri. Ombi linalofuata ni lile lile: “Fundi, niinulie usukani mpaka mwisho.” Mara nyingi ombi hilo lina msingi, kwa kuwa nyingi kati ya baiskeli za mitumba zinazouzwa jijini zilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya milimani au mbio za barabarani, lakini sasa zinampeleka mtu kazini Industrial Area kila asubuhi na kumrudisha Umoja jioni. Hata hivyo, usukani una kiwango ambacho haupaswi kuvuka, na anayekivuka hujiweka katika hatari kubwa kuliko maumivu aliyokuwa akiyakimbia.

Uzito wa mwendeshaji hubebwa na kiti, pedali na mikono. Usukani ukiwa chini sana kuliko kiti, mwili huinama mbele na sehemu kubwa ya uzito huo huangukia viganja. Ganzi ikishika kidole cha mwisho na cha pete, kwa kawaida neva inayopita upande huo wa kiganja imebanwa dhidi ya mpini. Ikishika kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayolemewa ni neva ipitayo katikati ya kifundo cha mkono. Shingo nayo hufanya kazi ya ziada, kwa sababu aliyeinama hana budi kukiinua kichwa na kukishikilia hivyo safari nzima ili aone mbele. Jijini kuna sababu nyingine ya kutaka kuketi wima kiasi. Matatu inaposimama ghafla stejini mbele yako, unapaswa kugeuza kichwa na kutazama nyuma upande wa kulia kabla ya kuipita, na mtu aliyejikunja juu ya usukani wa chini hugeuka kwa shida, baiskeli ikiyumba kuelekea upande uleule anaoutazama.

Pamoja na hayo yote, usiuguse usukani kabla ya kukagua kiti. Keti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa mahali pake pa chini kabisa, na mguu unapaswa kunyooka karibu kabisa bila nyonga kuinamia upande mmoja. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio unaotakiwa. Kiti kilichoinuliwa mno hufanya usukani uonekane uko chini hata kama hauna kosa. Kisha tazama pua ya kiti, na kama una pima maji ya fundi mwashi, ilaze juu yake. Pua ikiwa imeelekea chini, mwili huteleza mbele muda wote na mikono hulazimika kuusukuma nyuma, na hiyo ni kazi ambayo hakuna kimo cha usukani kitakachoiondoa. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya malalamiko ya viganja inaweza kumalizwa hapa kwa spana moja, bila mteja kununua chochote.

Kiti kikishakaa sawa na usukani bado uko chini, unaweza sasa kuuinua. Kwa safari za kawaida za mjini, mahali pazuri pa kuanzia ni usukani ulio sawa na kiti au uliokizidi kwa sentimita 2 hadi 5. Inua sentimita moja au mbili kwa wakati, uendeshe siku kadhaa, ndipo uamue kama unahitaji zaidi. Mgongo ukisimama wima kabisa, takriban uzito wote wa kiwiliwili hukalia kiti, na kila tuta na kila shimo hupiga uti wa mgongo moja kwa moja badala ya kupunguzwa nguvu na viwiko na nyonga. Ndiyo maana mtu aliyeinua usukani sana huanza kulalamika makalio, hasa akiwa bado na kile kiti chembamba cha mashindano. Mwinamo mdogo wa kiwiliwili, viwiko vikiwa vimelegea, ndio mkao tunaoupendekeza, na anayeketi wima zaidi anahitaji kiti kipana zaidi.

Hewa nayo ina gharama yake. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa ukinzani huo huwa mara 4, na nguvu ambayo miguu inatakiwa kutoa ili kuushinda huwa mara 8. Anayepita katikati ya msongamano wa Jogoo Road hatahisi tofauti yoyote kwa kuketi wima, ilhali anayetoka na wenzake Jumamosi kuelekea Thika kwa mwendo wa kasi ataihisi vizuri sana. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo adhabu ya kuketi wima hapa ni ndogo kidogo kuliko kule pwani, ingawa sidhani kama kuna atakayehamisha makao kwa sababu hiyo.

Linalostahili uangalifu zaidi ni uzito unaobaki kwenye gurudumu la mbele. Usukani ukipanda, mwili hurudi nyuma na gurudumu hilo huwa jepesi. Kwenye tambarare si neno, bali kwenye mpando mkali kama ule wa Valley Road gurudumu huanza kuyumba na wakati mwingine kunyanyuka, na kwenye kona yenye changarawe hushika barabara kwa udhaifu zaidi. Wanaobeba mzigo kwenye keria ya nyuma, wakiwemo wasambazaji wa mkate na maziwa, tayari wana gurudumu la mbele jepesi kabla ya kuinua chochote. Kwao ningeshauri sentimita moja tu, au wasiinue kabisa, na mzigo mzito ukae chini na karibu na kiti.

Namna ya kuinua inategemea muundo wa shingo ya usukani, yaani kile kipande kinachouunganisha usukani na bomba la uma (uma ni ile sehemu inayoshika gurudumu la mbele), na kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya zamani na bado iko kwenye Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma, na kwenye baiskeli nyingi za bei nafuu: shingo nyembamba iliyozama ndani ya bomba la uma, ikiwa na bolti moja ndefu juu. Chini ya bolti hiyo kuna kabari au koni ambayo, bolti ikikazwa, hujibana dhidi ya kuta za bomba. Wengi hulegeza bolti, huvuta usukani kwa nguvu zao zote, na usukani usipotikisika huamua kwamba umeshikwa na kutu. Mara nyingi si kutu. Legeza bolti mizunguko mitatu au minne tu, hadi kichwa chake kiinuke kama milimita 5, weka kipande cha ubao juu yake na ugonge mara moja au mbili kwa nyundo. Utasikia kishindo kidogo cha kabari ikiachia, kichwa cha bolti kikirudi chini mahali pake, na hapo usukani utazunguka na kupanda kwa mkono. Ukigonga bila kukisikia kishindo hicho, mimina mafuta ya kulegeza kutu mahali shingo inapoingilia na uiache usiku kucha kabla ya kujaribu tena. Usifungue bolti yote kabla ya kabari kuachia, kwa sababu kabari itabaki imenasa ndani bila kitu cha kuigongea.

Hapa ndipo penye ile alama ya mwisho niliyoitaja kwenye kichwa cha makala. Kwenye ubavu wa shingo pamechongwa msururu wa mistari mifupi, mara nyingi pamoja na neno MAX, na mistari hiyo haipaswi kuonekana hata kidogo shingo ikishakazwa. Kama alama imefutika, hakikisha angalau milimita 65 za shingo zimebaki ndani ya bomba. Sababu yake haihusu tu kuzuia usukani kuchomoka. Sehemu ya juu ya bomba la uma imekatwa hesi, na kuta zake hapo ni nyembamba; kabari ikikazwa katika sehemu hiyo hutanua chuma dhaifu, na ufa huanza ndani ambako hakuna anayeuona. Tumepokea baiskeli ambayo shingo yake ilishikiliwa na kipande kisichozidi upana wa vidole viwili, na mwenyewe alikuwa ameipanda hivyo kwa muda bila kujua. Anayehitaji kimo zaidi ya alama hana njia ila kununua shingo ndefu. Apime kipenyo cha ile ya zamani kwa kalipa kabla ya kwenda dukani, kwa kuwa zinazopatikana zaidi ni za milimita 22.2 na 25.4, lakini zipo pia za milimita 21.1, ambazo huingia kwenye bomba la 22.2 na kumdanganya mnunuzi kwamba zinafaa.

Mwenye Black Mamba ana hatua moja ya ziada. Breki zake hutumia fito za chuma ambazo huivuta mipira juu hadi ikabane rimu kutoka upande wa ndani, hivyo kuinua usukani pekee huzivuta fito hizo na breki hushika yenyewe. Legeza viungo vya fito kwanza, inua usukani, kisha urekebishe urefu wa fito hadi mipira iache nafasi ndogo inayolingana pande zote mbili. Anayesahau hatua hii husukuma baiskeli nzito siku nzima akidhani beringi zimekauka grisi.

Aina ya pili ya shingo hukumbatia bomba la uma kwa nje na hufungwa kwa bolti mbili za ubavuni, nayo ilienea kuanzia miaka ya 1990. Hapa usukani hauvutwi juu. Kimo hutokana na pete zilizopangwa chini ya shingo, na kama kuna pete zilizowekwa juu yake, unaweza kuzihamishia chini. Bomba likiwa limekatwa fupi na pete za juu hazipo, bado unaweza kuigeuza shingo juu chini: shingo ya milimita 100 yenye pembe ya digrii 6 hupandisha usukani kwa karibu sentimita 2 ikigeuzwa, bila gharama yoyote. Kosa linalorudiwa sana katika aina hii ni kudhani kwamba kifuniko cha juu ndicho kinachoshikilia usukani. Kazi ya kifuniko ni kuondoa mchezo, yaani ule ulegevu, kwenye beringi tu, kwa hiyo hukazwa kwanza, tena taratibu, usukani hunyooshwa sambamba na gurudumu, na bolti za ubavuni ndizo hukazwa mwisho kwa kiwango kilichoandikwa kwenye shingo, kwa kawaida karibu Nm 5 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Ili kifuniko kiweze kuvuta, ncha ya bomba iwe chini ya ukingo wa juu wa shingo, au wa pete iliyo juu kabisa, kwa takriban milimita 3. Wakati shingo imetolewa hakuna kinachoizuia uma isianguke, basi usiinyanyue fremu.

Ikiwa njia hizo hazikutosha, unaweza kununua usukani uliopinda kwenda juu au shingo yenye pembe kubwa, na ulinganishe kipenyo cha mahali pa kubania, ambacho kwa kawaida ni milimita 25.4 au 31.8. Kuna pia vipande vya kurefusha bomba la uma. Hivyo vinafaa kwenye bomba la chuma au la alumini, lakini visifungwe kwenye bomba la kaboni.

Kazi ikikamilika, zungusha usukani hadi mwisho wa kushoto na wa kulia na utazame kebo za breki na za gia. Kebo ikikaza upande wowote, ni fupi kwa kimo kipya na inapaswa kubadilishwa kabla ya kuingia barabarani, kwa sababu inaweza kuvuta breki au kubadilisha gia unapokata kona. Geuza mikono ya breki kidogo ili ifuate mstari wa mkono wako wa mbele, maana iliyopangiwa usukani wa chini sasa itakilazimisha kifundo kukunjika. Shika breki ya mbele uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mchezo shingoni, beringi hazijakazwa vizuri. Hatimaye simama mbele ya baiskeli, libane gurudumu kati ya magoti na ujaribu kuupinda usukani kwa mikono miwili. Usipotikisika, iko tayari, ila bolti zote zikaguliwe tena baada ya wiki moja ya kuendesha. Na kama ganzi ya vidole itaendelea hata siku ambazo hukupanda baiskeli, hilo si tena suala la karakana, nenda ukamwone daktari.