Dola ipi ilikufa?

Juzi, ndani ya teksi-basi ya kwenda Kenya (komini yetu ya hapa Lubumbashi, si nchi ile), kijana alimwambia mwenzake: "Dola-taifa ilishakufa, utandawazi uliiua." Mama wa kiti cha mbele akageuka upesi: "Dola ilianguka? Iko ngapi leo?"

Dola-taifa ni pale mipaka ya utawala inapowafunga pamoja watu wanaojihesabu kuwa wamoja. Basi, haina siri. Fujo iko kwenye majina.

Mama hakukosea. Dola yake, ile ya pesa, ilitoka kwenye sarafu za fedha za Joachimsthal, huko Bohemia, karne ya 16, zilizoitwa thaler. Dola ya kijana ni Kiarabu, dawla, na mzizi wake ni kugeuka, kupokezana: zamu ya ukoo fulani kutawala. Taifa pia ni Kiarabu, kundi la watu. Serikali ilitoka Uajemi, sar ni kichwa, kar ni kazi. Na Leta yetu ni l'État ya Kifaransa, yaani dola, imetafunwa na midomo ya wazee wetu mpaka ikalainika. Maneno manne, na vijana wanayamwaga yote katika sufuria moja.

Hapa kwetu kutenganisha ni lazima, maana dola ilitangulia. Mwaka 1885 Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, alikuwa na dola yenye mipaka na bendera. Taifa la Wakongomani halikuwapo bado. Hata baada ya uhuru, Katanga, jimbo letu hili, ilijitenga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963. Dola moja, na watu bado wanabishana kama wao ni taifa moja.

Sasa, utandawazi uliua kipi? Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti, madini ya betri, nje, na bei ya dunia ikapanda; Oktoba ikaleta mgao wa kiasi cha kuuza. Wanunuzi wako mbali, makampuni ni ya wageni, lakini wote walingoja karatasi ya Kinshasa. Basi dola haijafa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukisema Leta haitengenezi barabara, sitabisha, nitaongeza na ya mtaani kwetu. Ila hiyo ni serikali unayoilalamikia, yaani wanaoshika kazi kwa sasa. Dola yenyewe, ile mamlaka ya mipaka, nenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, uone malori yanavyolala foleni yakingoja muhuri wake.