Nyuki Kujazana Mlangoni Si Dalili ya Kugawanyika

Malalamiko yanayotufikia kutoka Jilore, Kakuyuni na vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ni yale yale: mzinga ulikuwa umejaa, siku moja nusu ya nyuki hawapo. Wengine humshuku jirani. Jirani hahusiki. Kundi lenye nguvu hugawanyika kwa maumbile yake: malkia wa zamani huondoka na vibarua wengi, mzinga akamwachia bintiye.

Nyuki wanaoning'inia nje ya mlango jioni za Januari na Februari wanakimbia joto la kaskazi, basi. Tumelisema hili mara nyingi, na bado watu wanabomoa masega yenye majana (watoto wa nyuki) wakidhani kundi linagawanyika. Tafadhali iacheni tabia hii. Mpe mzinga kivuli.

Dalili zenyewe zimo ndani. Maua yakishachanua baada ya mvua, kagua kila baada ya siku 7, wakati wa jioni, kwa moshi wa kiasi na tochi nyekundu, kwani nyuki hawauoni mwanga mwekundu. Katika mizinga ya pau (masega huning'inia kwenye vijiti vya juu), sega likishatoka lishike wima. Ukililaza, nta laini hukatika na majana yakaanguka. Utaona majana ya madume yameongezeka, vifuniko vyao vimevimba. Mbochi (maji matamu ya maua) umejazwa hadi pale malkia alipokuwa akitaga, na mayai yamepungua.

Kisha tazama ukingo wa chini wa sega. Vikombe vitupu vya nta vinavyotazama chini si habari. Makundi mengi huwa navyo. Angalia ndani ya kikombe. Kikiwa na yai, au buu linaloelea kwenye maziwa meupe mazito ya vibarua, uamuzi umeshapita. Kikombe hicho, sasa chumba cha malkia mpya, huzibwa siku ya 8 hivi tangu yai litagwe, kikawa na umbo la ganda la karanga, na kundi huondoka karibu na wakati huo, siku kavu ya kwanza, mara nyingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Vyumba 1 hadi 3 katikati ya sega, si ukingoni, kwa kawaida ni vya kumbadilisha malkia aliyechoka. Usiviguse.

Kukata vyumba peke yake hakusaidii: watajenga vingine. Na kama malkia ameshaondoka, umeliua kundi lililobaki. Tafuta kwanza mayai yaliyosimama wima. Hukaa siku 3 tu, hivyo yanaonyesha malkia alikuwepo juzi. Dawa ni kugawa wewe mwenyewe. Hamishia mzinga mpya masega 3 au 4 ya majana pamoja na malkia, nyuki waliomo, na sega moja la asali na chavua. Mzinga wa zamani uachie vyumba viwili vizuri vya malkia. Kama vikombe bado ni vitupu, ingiza pau tupu zenye utepe wa nta katikati ya majana, wapate nafasi.

Mzinga ulioachwa mtupu kabisa, bila vyumba vya malkia, haukugawanyika: nyuki wamehama. Tafuta siafu, nyegere, nondo wa nta au njaa.

Kundi likikutoroka likaingia msituni, usilifuate na ndoo na moshi. Chini ya Sheria ya Misitu ya Kenya ya 2016, kukusanya asali au nta katika msitu wa serikali bila idhini, kutundika mzinga, hata kupatikana na vifaa vya kurina, ni kosa lenye faini au kifungo au vyote viwili. Kuwasha moto ni kosa jingine peke yake. Idhini huombwa kwenye kituo cha msitu, kupitia chama cha jamii kinachosimamia msitu wenu. Andika ombi, taja idadi ya mizinga na mahali itakapokuwa. Usitegemee ruhusa ya mdomo ya askari wa doria.